Shahidi wa Kausen

Kila alfajiri, kabla pazia la chumba halijasogezwa, Kausen huketi akaielekea pembe ya ukuta, akajifunga kilemba. Ni kitambaa cha mikono kumi, cha samawati iliyokolea hata ikamtia doa mashavuni. Kioo hatumii. Hukizungusha mara saba, akapitisha upindo mmoja juu ya pua na mwingine chini ya kidevu, na anapogeuka yamebaki macho mawili na kipande cha paji. Chai huinywa kwa kupitisha bilauri chini ya kitambaa. Binti yake Tellit ana miaka ishirini na minne, na mdomo wa babake ameuona mara mbili tu, mara zote mbili alipokuwa mahututi.

Kinachompeleka ukutani ni huyo aliyelala nyuma ya pazia: Raisha, mama mkwe wake. Mdomo wa mwanamume haukuumbwa kwa ajili ya macho ya mkwewe. Hilo hata vitoto vinavyosukuma matairi pale Tayuri, mtaa wa Watuaregi mjini Sabha, vinalijua. Binti wa Raisha, mkewe Kausen, alikuwa amefariki miaka tisa nyuma, na nyumba ya Raisha mwenyewe iliungua katika vita vya Ubari, ndipo mjukuu akaenda kumchukua. Kausen na mkwewe wakawa wanaishi chini ya paa moja bila kutazamana, na maneno yao yote yanapita kwa Tellit.

"Mwambie huyo askari," Raisha husema nyuma ya pazia, "chai yake ina ladha ya soksi."

"Mwambie mama," Kausen hujibu, "aliyeipika ni mjukuu wake."

Neno askari lilikuwa tusi. Kausen alikuwa kijana mchunga ngamia, asiye na karatasi hata moja, wakati Kiongozi, mtawala wa nchi enzi hizo, alipowaita vijana wa jangwani waje wawe raia. Bunduki walipewa siku ya kwanza. Vitambulisho viliambiwa vinakuja, na vikaendelea kuja miaka ishirini na tatu, mpaka Kiongozi mwenyewe alipoanguka. Baada ya hapo watu wa ng'ambo ya barabara waliandika MAMLUKI kwenye ukuta wa Tayuri kwa rangi ya mlango, na vijana wa vizuizini, ambao Kiongozi aliwaacha wakiwa bado hawajaota ndevu, wakawa wanamshusha kilemba kwa mtutu wa bunduki huku wakila karanga.

Hayo Kausen aliyazoea. Jambo ambalo hakulizoea ni cheti cha Tellit. Tellit alikuwa amemaliza chuo kikuu miaka miwili nyuma, somo la kemia, na cheti chake kilikuwa kimelala kwenye droo ya msajili kwa sababu hakuwa na namba ya taifa. Hakuwa nayo kwa sababu babake hakuwa nayo. Shule ya wasichana ya jirani ilikuwa imemwekea nafasi ya ualimu hadi mwisho wa mwezi, siku moja haiongezwi.

Mwezi huohuo ikaundwa kamati ya kusikiliza mafaili ya uraia ya watu wa Tayuri. Sharti lilikuwa moja: shahidi aliyepita miaka sitini, mwenye kitabu cha familia cha zamani, aliyemjua mwombaji tangu ujana. Wengine wote walikuwa wamezikwa. Alibaki Raisha, ambaye watu wake waliandikishwa tangu enzi za mfalme.

"Mwambie askari nitakwenda," alisema. "Na asidhani nakwenda kwa ajili yake. Nakwenda kwa ajili ya binti wa binti yangu."

Wakaondoka asubuhi kwa pikapu ya kuazima, Kausen kwenye usukani, wanawake nyuma. Kizuizini kijana mmoja aliinama dirishani.

"Mamluki anampeleka wapi bibi harusi wake?"

"Ananipeleka kukutafutia shule," Raisha alimjibu kutoka nyuma, "ukajifunze kuamkia wakubwa."

Wakawekwa juani saa nzima. Vidole vya Kausen vilikuwa vikipigapiga usukani.

Ofisa wa kamati alikuwa mtu mnene mwenye bakuli la mbegu za alizeti mezani. "Nyie wa Tayuri," alisema bila kuinua kichwa, "kila mkija mnaniletea mchanga ofisini." Akamsogezea Raisha Msahafu, akamwapisha. Kisha akamwuliza kama anamjua mtu yule.

"Namjua. Ni Kausen ag Wantiti. Alimposa binti yangu, nikakataa, akamwoa vilevile."

Ofisa hakucheka. "Mkijifunga hivyo nyote ni mtu mmoja. Wiki jana kilemba kimoja kimeapiwa na familia tatu. Fungua, mzee. Hajati akutazame uso."

"Mama atoke nje," Kausen alisema taratibu. "Nitafungua, unitazame wewe."

"Nikutazame nifanye nini? Shahidi ni mimi?"

"Ni mkwe wangu, bwana."

"Vizuizini mnafunguliwa kila siku, hatusikii habari za wakwe. Leo ndiyo mmekumbuka aibu." Akavuta kifuniko cha faili. "Haya. Nalifunga."

"Baba," Tellit alisema.

Kausen akanyanyua mikono. Akakizungusha kitambaa kinyume, mara saba, taratibu kama mtu anayefungua kidonda. Tellit alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi yake, akaona kile kiganja cha kizee kikibana mkongojo hata mishipa ikasimama. Uso wa babake kuanzia pua kwenda chini ulikuwa mweupe kuliko paji lake, kama umeazimwa kwa mtu mwingine. Meno mawili hayakuwapo.

"Mtazame vizuri, Hajati. Ndiye?"

Raisha alikuwa amekielekeza kichwa mbele.

"Umeniapisha," alisema. "Uso huo mimi siujui. Mfunike, nami nitakwambia ni nani."

Hapo ndipo ofisa alipocheka, tena kwa nguvu. "Hata mkwewe anamkana." Akaandika: shahidi hamtambui. Akapiga muhuri, akarudia mbegu zake.

Ndani ya pikapu Tellit alijizuia mpaka walipokipita kizuizi. "Ungesema ndiyo, bibi. Neno moja tu."

"Hilo neno nililishikia Msahafu."

"Miaka ishirini na saba unamchukia. Leo umepata pa kumlipiza, na mimi ndiye niliyelipishwa."

Raisha alihamisha tumbaku kutoka shavu moja kwenda jingine. "Mwambie baba yako," alianza, kisha akaacha. Jioni hiyo chai ilipopita pazia haikutukanwa. Bilauri ilirudi tupu, na Kausen aliishika mkononi muda mrefu kabla ya kuisuuza.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi. Alfajiri Tellit aliamka kabla ya adhana, akamkuta babake palepale pembeni, mgongo kwa pazia, kitambaa kikizunguka. Moja, mbili, tatu. Ile subira yake ndiyo iliyomchoma moyo. Watu walikuwa wamemvua mbele ya yule aliyekuwa akimficha uso tangu alipooa, cheti kimeozea drooni, na bado yeye anahesabu mizunguko kama vile jana haikuwapo.

"Baba, unageukia ukuta wa nini tena, na jana bibi amekuona uso mzima?"

Kausen akapitisha upindo juu ya pua, akauweka sawa, ndipo akageuka.

"Hakuniona," alisema. "Alifumba macho."