Shangazi na Hasira Zake

Mwaka huu nilirudi Kasongo kwa arobaini ya shangazi yangu. Nilitoka Kindu kwa pikipiki, mgongo ukiniuma, vumbi jekundu limenijaa hadi kwenye nyusi. Tulipoingia mtaa wetu asubuhi, kulikuwa na mtu anakaanga vitumbura. Wewe kama ulikulia huku utanielewa bila maelezo: unga wa mchele uliochacha kidogo, ukikutana na mawese ya moto. Nilimwambia dereva asimame palepale. Nilisimama njiani na mfuko wangu kama mgeni asiyejua nyumba, nikalia kwanza, ndipo nikapiga hodi.

Shangazi alikuwa mdogo wa baba yangu, wa tumbo moja. Aliolewa Nyangwe, kwa watu wa mitumbwi na samaki, na bwana yake akamrudisha kwetu nikiwa bado sijaanza masomo. Hakumrudisha kwa wizi wala kwa uzinzi. Alimleta mwenyewe, akakaa mbele ya bibi kwa heshima, akasema: "Mama, binti yako ni mutu muzuri. Lakini ile kitu inamushikaka, mimi siiwezi." Akaacha fungu la samaki wa moshi, akaenda zake. Bibi akampa shangazi chumba cha upande wa jiko, na hakuna aliyetueleza watoto ile kitu ni kitu gani.

Kwanza nikuambie alivyokuwa mtamu, kwa sababu watu wakisikia habari za hasira wanadhani mtu mzima alikuwa hasira tupu. Vitumbura vya mtaa wetu vilikuwa vyake. Jioni alitulowekesha mchele, na kabla jua halijatoka tulikuwa tumeshakizunguka kinu, mimi na mdogo wangu, tukipokezana mchi naye. Akitwanga alituigizia wapiga kasia wa Lualaba wanavyogombana wakiwa katikati ya mto, kila mmoja na sauti yake, mpaka unga ukatumwagikia miguuni kwa kicheko. Kitumbura cha kwanza kilikuwa cha mtoto aliyetwanga zaidi. Cha mwisho, kile kilichoungua kingo, alikula mwenyewe na chai bila sukari.

Kulikuwa na majuma ambapo utamu wake ulizidi. Hakulala. Aliimba tangu alfajiri, akakaanga vya mtaa mzima na kuvigawa bure, akamtangazia kila aliyepita kwamba atajenga nyumba ya ghorofa karibu na msikiti. Sisi watoto tulizipenda siku hizo kuliko Idi. Bibi hakuzipenda. Alimtazama binti yake akicheka, kisha akanyanyuka polepole kwenda kuficha visu.

Maana hasira ilikuwa inakuja nyuma ya siku hizo, na haikubisha hodi. Kifuniko kilichoachwa wazi kilitosha, au kuku aliyekanyaga ungo. Shangazi alikuwa katikati ya neno, mara sauti yake inabadilika. Mwiko uliruka, kisha sufuria, kisha yakaja maneno, na maneno yaliumiza kuliko sufuria. Halafu iliisha, ghafla kama ilivyoanza. Alikwenda nyuma ya jiko, akajifunika kikwembe kichwani, akakataa bugali mpaka kesho yake. Baada ya hapo zilifuata siku za kulala tu, uso ukutani.

Watu walisema ni majini. Shehe alimsomea. Mganga mmoja wa kienyeji wa upande wa Lusangi alimchanja kifuani. Bibi alivikubali vyote, lakini yeye alikuwa na neno lake, na alilisema mbele ya shangazi bila kumficha: "Ugonjwa ni wa Mungu, lakini mukono ni wako." Nilikuwa mdogo, sikuelewa mtu anawezaje kuhurumiwa na kuonywa kwa pumzi moja.

Mama jirani alikuwa Mkristo, mkulima. Shamba lake la karanga lilianza palepale nyuma ya lupango letu, kile kiwanja cha nyumba, na mbuzi wake aliwasemesha kwa Kizimba, lugha ya kwao, kwa sababu alisema Kiswahili hawakisikii. Siku moja alikuja kuomba beseni. Akaliomba vizuri tu. Shangazi alikuwa kwenye mbabula, jiko la makaa, mawese yanachemka. Alipogeuka nilimwona macho, nikajua. Alipiga teke. Mbabula ikapinduka, mafuta yakaruka, na mdogo wangu aliyekuwa amechuchumaa pale akingojea kitumbura chake akapiga kelele ambayo naisikia hata leo. Mguu wake wa kushoto wote uliungua.

Mama jirani ndiye aliyembeba mtoto, akakimbilia kituo cha afya. Shangazi alibaki amesimama, mikono imemning'inia kama si yake.

Baba alirudi kutoka dukani mchana ule, akamwona binti yake amefungwa mguu. Hakupiga kelele. Alisema shangazi afungashe, kesho ataondoka na gari la kwenda Salamabila kwa kaka yao mwingine anayefanya kazi kwenye dhahabu.

"Yaya, uko na haki," shangazi akamjibu kaka yake. "Hata mimi ningejifukuza."

Aliyemtetea alikuwa mama jirani, mlangoni, kikwembe chake bado kimelowa mawese kwa kumbeba mtoto.

"Baba, kule Salamabila iko na moto pia. Iko na mafuta, iko na watoto. Munamupeleka mutu na ugonjwa wake, basi. Kwetu tuliona mutu kama huyu. Kuna muganga wa sindano pale kituoni anawajua watu wa hivi. Niachieni, kesho nitamupeleka mimi."

"Tulienda kwa shehe, tukaenda Lusangi," baba akasema. "Sasa tunaenda kwa sindano?"

"Sasa tunaenda kwa sindano," mama jirani akajibu.

Walikwenda kwa miguu, wanawake wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Niliwangoja kwenye kibaraza. Shangazi aliporudi aliketi karibu na bibi, akasema jambo ambalo lilimshangaza yeye mwenyewe kuliko sisi.

"Mama, huyu muganga hakuanza na hasira. Aliniuliza juu ya furaha. Aliniuliza, ukifurahi sana unalala? Mimi nikamwambia silali. Akasema, basi ugonjwa unaanzaga pale."

Akaanza vidonge. Vilimpa kiu, vikamtetemesha vidole, na mwanzoni alilala hata akiwa ameketi. Baba alisema: tutaona. Safari ya Salamabila ikaahirishwa, kisha haikutajwa tena. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeweka sharti. Mafuta ya moto hatayashika mtoto akiwa karibu, na akiona zile siku za utamu zimeanza, bibi ndiye atakayekaanga. Na lile lililobaki alitufundisha sisi, akatuketisha chini kama mwalimu: "Nikisikia ile kitu inakuya, nitasema 'inakuya'. Musiniulize kitu. Musicheke, musijibu. Muniache nipite."

Alikuwa akipita mlango wa nyuma, kwenye karanga za mama jirani. Analima, au anang'oa majani, au anatembea tu kwenye matuta akisema peke yake. Mama jirani akimwona haendi kumsalimia. Anaendelea na kazi yake upande wa pili. Shangazi akirudi anakuta maji ya kuoga na sahani yake imefunikwa, na hakuna anayesema "umerudi?" kwa ile sauti ya kumpima. Yeye ndiye aliyezungumza wa kwanza, akitaka.

Mdogo wangu, shangazi alimbeba mgongoni kwenda masomo mpaka mguu ulipopona. Hakumwomba msamaha kwa maneno mengi. Alimbeba, asubuhi na mchana, na watu wakiangalia.

Nisikudanganye kwamba alipona. Barabara ikiharibika dawa hazikufika, na msimu mmoja wa mvua zilikosekana kabisa. Mchana mmoja tulikuwa ndani sote, mama anapanga sahani zake za udongo mweupe alizopewa siku ya ndoa. Shangazi akasimama mlangoni, uso umekauka. Akalia kwa sauti: "Tokeni! Tokeni wote! Inakuya!" Tukatoka mbio, hata mama. Tulisimama uani tunasikiliza sahani zinavunjika, moja baada ya nyingine. Nilimtazama mama nikingojea alie. Akasema kwa utulivu tu: "Sahani zinanunuliwaka. Alitutoa kwanza." Kisha akaenda kumchemshia chai.

Nimekuwa mtu mzima Kindu, nafundisha, nimezaa. Baada ya mtoto wa pili ile kitu ilinijia mimi. Sikulala, nikawa na mipango ya kununua mtaa mzima, halafu siku moja nikajikuta nimeshika kiti juu ya kichwa changu na mume wangu amerudi nyuma ukutani. Nilikiweka chini. Nilitoka nje nikampigia shangazi simu, sikujua nianze na nini, nikasema tu kwamba silali.

"Nilikuwa naogopa hii simu," alisema. "Sasa usiogope. Mimi niliishi nayo, nikazeeka nayo. Kesho nenda kwa muganga. Leo waambie walio ndani, mapema."

Niliwaambia. Hadi leo nawaambia, na namshukuru Mungu kwa mume anayejua kusogea.

Lupango letu sasa limekatwa vipande. Bibi hayupo, mama jirani alizikwa kabla yake, na shamba la karanga limekuwa nyumba za mabati zenye ukuta. Mchele unapelekwa kwenye mashine. Sikusikia mchi hata mmoja asubuhi ile. Hayo nimeyazoea. Kilichonichoma ni hitima yenyewe. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wakamsifu marehemu: alikuwa mkarimu, alikuwa mcheshi, hakugombana na mtu. Hakugombana na mtu! Wote walijua. Walimfichia kwa mapenzi, lakini nikaona wanamzika bila kazi kubwa kuliko zote alizofanya.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Nikasema shangazi yangu alikuwa na hasira ya kutisha, kwamba ilikuwa ugonjwa, na kwamba aliibeba miaka yote kama mtu anavyobeba maji ya moto kati ya watoto, akichunga asimwage. Siku alipomwaga alibaki, akatibiwa, akajifunza. Nami nina ugonjwa uleule, na nimesimama hapa.

Mdogo wangu, yule wa mguu, alinishika mkono. Tukala wali, tukala vitumbura, maneno yakageuka kwenye bei ya chumvi.

Ndipo mwanamke mmoja nisiyemjua, kijana, na mtoto mgongoni, akasogeza mkeka wake karibu na wangu. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kikwembe chake.

"Mama," akaniuliza polepole, "yeye, ilimwanzaga namna gani?"

Nikampisha nafasi, nikaanza kumweleza tangu zile siku za furaha.