Zizi Tupu la Matonya

Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, vijana waliobeba mataruma walirudi Mvumi na rupia zao. Wengi walinunua pombe na kofia, na kabla ya masika walibaki na kofia. Siwahurumii. Matonya alinunua mitamba wanne.

Ajabu ni kwamba aliyechekwa alikuwa yeye, maana zizini kwake hapakuwa na hata kwato moja. Kwa desturi ya Wagogo, aliwapeleka ng'ombe wake vijiji vingine watunzwe: mtunzaji anywe maziwa, ndama wawe wa mwenye mali.

Mwaka wa nne alituma posa kwa Yudith, binti Methusela. Mzee alikuja kukagua zizi, akachokonoa vumbi kwa fimbo yake.

"Nimwoze binti yangu kwa kijana anayefuga vumbi?" alisema. "Filipo naye ameposa, na ana maksai wanane, wanono."

"Mzee, tutembee kidogo."

Hicho kidogo kilichukua siku mbili. Katika kijiji cha Handali walipewa maziwa ya mgando, wakaonyeshwa ng'ombe mmoja na ndama wake wawili. Makang'wa, maziwa tena, ng'ombe mmoja na ndama watatu. Mpwayungu walikuwa ng'ombe wawili na ndama wanne, na kibuyu kikubwa zaidi.

"Tukiingia nyumba nyingine nitapasuka," Methusela alinung'unika, akilegeza shuka. Kisha akanyoosha fimbo. "Nipe mama zao wote wanne, na ndama wanne. Kesho uchukue mke."

Matonya alimpenda Yudith. Lakini mali inayozaa haitolewi kwa furaha ya siku moja.

"Ndama nitakupa wanane, mzee. Mama zao siwatoi. Nikiwatoa, wajukuu wako nitawalisha nini?"

"Basi nitamwita Filipo."

"Mwite. Umuulize maksai wake wamezaa mara ngapi."

Methusela aligeuka, akashika njia ya kurudi. Walitembea mpaka mapaa ya nyumba za tembe za Mvumi yalipoonekana.

"Ulimi wako una miiba," mzee alisema hatimaye. "Lete hao wanane."

Mwezi mmoja baada ya harusi, Methusela alitokea asubuhi akiswaga ng'ombe wake mwenye maziwa.

"Mkwe, nitunzie huyu," alisema. "Maziwa kunyweni ninyi. Ndama ni wangu, usijisahau."

Yudith alicheka, akaenda kutafuta kibuyu cha kukamulia. Huyo ndiye ng'ombe wa kwanza kulala katika zizi la Matonya, na hakuwa wake.