Mlango wa Machimboni

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeanza, kifusi kilimfunika mume wangu machimboni, upande wa Serengeti. Tulimzika nyumbani Itiryo, wilayani Tarime, karibu na zizi. Nilidhani maswali yameishia hapo.

Baada ya matanga kaka yake aliingiza ng'ombe kwenye shamba letu. Niliambiwa bila karatasi ya usimamizi wa mirathi siwezi kumzuia, nikaenda mahakama ya mwanzo, Tarime mjini. Nilimkuta shemeji ameshafika, ana barua aliyoitoa kwenye koti la marehemu. Ilisema mume wangu ni mkazi wa kijiji cha machimboni. Aliiomba kwa sababu wasio wakazi hawakupewa nafasi ya kuchimba. Wengi waliziomba. Kwetu ilikuwa ruhusa ya kushuka shimoni tu.

"Shemeji, kumbe uliolewa na mtu wa Serengeti," aliniambia kwenye benchi. "Hapa umekuja kusalimia?"

Alijua nikisukumwa mahakama ya Mugumu, wilayani Serengeti, msimu utaisha ng'ombe wakiwa shambani.

Hakimu alinieleza polepole. Mirathi hufunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu. Kaburi si makazi, na barua peke yake haitoshi. Alitaka kujua kama kule marehemu alijishikiza tu au alihamia. Nikajibu alilala kwenye turubai. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe; sikuwahi kufika. Hakimu akaniagiza nikaone.

Kule machimboni mwenyekiti wa kitongoji alinipeleka kwenye kijumba cha udongo, akanipa ufunguo. Kilikuwa na mlango wa mbao, umepigwa randa vizuri. Nyuma, mihogo imeshika. Nyumbani kwetu mlangoni tulitundika gunia, mwaka wa tatu tukisubiri mbao zake. Nilitafuta nguo za mwanamke. Hazikuwepo.

Njia nzima ya kurudi mahakamani niliwaza kunyamaza. Shemeji hakuwahi kufika kule.

"Mama, uliona nini?" hakimu aliuliza.

"Nyumba," nikasema. "Ina mlango. Na mihogo."

Aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema mahakama yake haina mamlaka, nikafungue shauri Mugumu. Shemeji alitoka bila kunitazama.

Jumatatu nikaenda. Karani aliniuliza marehemu alikuwa mkazi wa wapi. Nikamtajia kile kijiji cha machimboni.