Baiskeli Yangu Haili Barabara

Jamani, nacheka sasa, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe, na kosa lilikuwa la mdomo wangu.

Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu pale Shinyanga, alituita barazani akasema wenye baiskeli tutoe ada ya kukarabati daraja la mbugani. Wote wakakubali isipokuwa mimi fundi cherehani (kwa maneno sijambo). Nikasimama nikasema, "Baiskeli yangu haili barabara! Wanaoiharibu ni ng'ombe na magari, basi walipe wao!" Watu wakanipigia makofi, nami nikavimba kichwa. Mwanangwa akanijibu taratibu, "Sawa, fundi. Baiskeli isiyo na kibati cha kuonyesha ada imelipwa haitapita darajani."

Wiki ile ile nikaitwa ukweni nikapangiwe siku ya harusi. Nikavaa kanzu nyeupe, nikaing'arisha baiskeli hadi kengele. Kufika darajani, askari wa mwanangwa akauliza, "Kibati?" Sina. Akasema, "Iache hapa upite kwa miguu, miguu hailipi." Maneno ya busara kabisa, ila mimi nilitaka mchumba anione nikiingia na baiskeli, basi nikateremkia mbugani.

Mnaijua mbuga yetu mvua ikinyesha, ule udongo mweusi? Hatua kumi tu madigadi yamejaa tope, magurudumu yamegoma, nikaibeba baiskeli kichwani, nikateleza, nikazama hadi mapajani na baiskeli juu yangu. Nikajitia kuimba ili askari adhani napumzika.

Mara wanawake hao, majembe begani, wanatoka shambani, na anayewaongoza ni nani? Mama mkwe! Sasa kwa Wasukuma mkwe wa kiume hakutani na mama mkwe njiani, lazima mmoja akwepe. Mimi nikwepe vipi? Naye kulia tope, kushoto tope. Akanigeuzia mgongo, akakaa chini, na msafara wote ukasimama nyuma yake.

"Mwambieni mkwe apishe njia," akamwambia shangazi wa mchumba wangu.

"Shangazi, mwambie mayu, mama yetu huyo, siwezi, nimeshikwa miguu!"

"Anasema ameshikwa miguu."

"Nimesikia. Muulizeni, daraja limekufa?"

(Hatua tatu tu kati yetu, na kila neno linapita kwa shangazi!) Askari akajibu kutoka juu kwa sauti ya mnada, "Hataki kulipa, mama! Anasema baiskeli yake haili barabara!"

Wanawake wakaangua kicheko, wakaninyooshea mipini ya majembe, wakavuta kwa wimbo kama wanalima, nikachomoka! Kanzu ikachanika mgongo mzima, kiatu kimoja kikabaki hukohuko mpaka leo. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, maana niliona harusi imekwenda na maji.

Mama mkwe bado amenipa mgongo, mabega yanamtikisika. "Mwambieni, binti nampa," akasema, "ila kwanza akalipie daraja. Sitaki mwanangu aletwe kunisalimia kwa kuvutwa na majembe."

Kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza kwa mwanangwa, na nikafunga ndoa mwezi uleule. Tangu hapo ada ya baiskeli nailipa kabla sijaulizwa, na ukweni naenda kwa miguu.