Mtoto wa Mvua, Yamumbi

Mama ndiye aliyenituma Eldoret. Ndugu yangu Mwangi, mwenye duka huko Yamumbi nje ya mji, alikuwa amepata mtoto wa kwanza, msichana. Kwa desturi yetu Wakikuyu, msichana huyo alipaswa kupewa jina la mama yetu, Nyambura. Lakini jirani mmoja alirudi Nyeri kutoka huko akasema amesikia mtoto akiitwa Jerop. Mke wa Mwangi, Chebet, ni Mnandi wa Kesses. Mama hakulalamika, aliacha tu kumtaja mjukuu wake. Shule ninayofundisha ilipofungwa akaniambia, "Wanjiku, nenda kwenye ubatizo. Uone kama nimesahauliwa."

Alhamisi asubuhi nilipanda basi hadi Nakuru, kisha teksi ya pijo ya kwenda Eldoret. Mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa mno, na upande wetu mashamba yalikuwa bado vumbi. Timboroa baridi ilitukaribisha. Tulipopita Burnt Forest nikaona mahindi yamefika magotini, nikafurahi kana kwamba ni yangu.

Saa kumi alasiri nilikuwa dukani kwa Mwangi, kati ya magunia ya sukari na picha ya Rais ukutani.

"Mtoto anaitwa nani?" nilimuuliza kabla sijaketi.

"Nyambura," akasema. "Ningemwita nani mwingine?"

Mama yake Chebet alitoka jikoni na kibuyu cha mursik, akanimiminia kikombe. "Sisi tunamwita Jerop," akasema polepole.

Nilikunywa yale maziwa nikitafuta neno la heshima. Mwishowe nikauliza, "Mama, huyo Jerop alikuwa nani kwenu?"

"Si mtu. Tulingoja mvua mpaka tukachoka. Siku Chebet alijifungua, ikanyesha, tukasikia kwa mabati. Msichana akizaliwa na mvua ni Jerop."

Niliweka kikombe chini. "Kwetu mvua ni mbura. Nyambura ni wa mvua."

Alinitazama, kisha akamgeukia Mwangi. "Wewe ulijua?"

"Mbura nilijua," Mwangi akasema. "Jerop sikuwahi kuuliza."

Mama yule alicheka mpaka akapangusa macho kwa leso. "Miezi miwili tumenuniana kwa neno moja."

Jumapili tulimpeleka mtoto kanisani. Mchungaji alifungua kitabu cha ubatizo, akauliza jina. Mwangi akataja yote mawili.

"Hayo ni ya nyumbani," mchungaji akasema. "Jina la Kikristo?"

Swali hilo nalijua. Mama alipobatizwa akiwa msichana aliambiwa Nyambura ni jina la giza, na mpaka leo kanisani anaitwa Raheli. Mwangi aliangalia sakafu. Chebet alimkumbatia mtoto. Mama yake Chebet ndiye aliyeongea.

"Mchungaji, mvua inaletwa na nani?"

"Na Mungu, Mama."

"Sasa jina ya mvua inakosaje kuwa ya Mungu?"

Wazee wa mbele walicheka kidogo. Mchungaji alishika kalamu, akamwomba Chebet amtajie herufi za Jerop, asije akakosea. Hakuongeza jina lingine.

Jumanne nilirudi Nyeri. Njia nzima nilifikiria jinsi nilivyofundisha watoto miaka kumi na mmoja, nikiita majina yao kila asubuhi, bila kumuuliza hata mmoja maana ya jina lake. Nilikuwa nimedhani jina la kabila lingine ni ukuta. Kumbe watu wawili wanaweza kumshukuru Mungu kwa jambo lile lile wasijue.

Nilimsimulia Mama kila kitu. Alisikiliza akichambua maharagwe, akaniuliza tena jinsi lile jina linavyotamkwa. Jumapili, wakati wa maombi, alisimama mbele ya kanisa lote akaomba wamkumbuke mjukuu wake wa Eldoret.

"Anaitwa Njeropu," akasema kwa ulimi wake wa Nyeri. "Njeropu Nyambura."