Kifuniko cha Kamera ya Ludger

Shemeji yangu Ludger Bouchette alikata ngozi za viatu kwa miaka thelathini na moja, na kiwanda kilipofungwa alikaa barazani wiki tatu tu. Ya nne alinyoa ndevu, akavaa koti la kanisani, akaenda ofisi ya mji wetu wa Kessick kuuliza kama kuna kazi yoyote, hata isiyo na mshahara. Wakampa kamati ya kebo. Hakuna mwingine aliyeitaka. Ilikuwa kamati ya watu watatu, na mmoja wao alishahamia Florida bila kuaga, jina lake likaendelea kuitwa kwenye vikao kwa miaka miwili mizima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ya televisheni ya waya ilipitisha nyaya zake kwenye nguzo na barabara zetu, na kwa ruhusa hiyo mji ulidai malipo yake: chaneli moja iwe ya wakazi wenyewe, Chaneli ya Nane, pamoja na chumba cha kurekodia chini ya shule ya sekondari, pembeni ya boila, ule mtambo wa kupashia shule joto, na kamera moja. Kamati ilikuwa macho ya mji. Picha ikiwa na chenga, unampigia Ludger. Fundi akiahidi kuja asubuhi asitokee, unampigia Ludger. Mama Stanhope alimpigia hata paka wake alipopanda nguzo, kwa sababu nguzo ilikuwa na waya wa kebo. Ludger alikwenda, na ngazi.

Mimi niliishia darasa la nane kwa masista, na Ludger hakufika hata hapo, lakini mkataba ule wa kurasa sitini na mbili aliusoma mpaka ukalegea kama kitambaa. Aliubeba kwenye mfuko wa mkate ili usilowe mvua. Ndani yake kulikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko zote: mkazi yeyote akijaza fomu, kipindi chake kitarushwa, wa kwanza kufika wa kwanza kuonyeshwa, na hapana mtu wa kumzuia eti kwa sababu hapendi anachokisema.

Aliyefaidi kanuni hiyo ni Ferris Whitcombe, muuza kuni. Kila Alhamisi, nusu saa nzima, Ferris alikaa mbele ya kamera na kuusema mji: mashimo ya barabarani, chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu, mwalimu mkuu, na hasa Ludger Bouchette, ambaye alimwita mfalme wa boila. Na aliyesimama nyuma ya kamera akimpiga picha alikuwa Ludger huyo huyo.

"Unambebea kamera mtu anayekutukana?" dada yangu Odile, mkewe, alimuuliza.

"Amejaza fomu," Ludger akajibu, akaendelea kupaka siagi mkate wake.

Odile ndiye niliyetaka kumfikia. Nyonga yake iliharibika mwaka wa tisini na moja, akapasuliwa mara mbili bila nafuu, na tangu hapo kiti chake kikawa kile cha jikoni, katikati ya jiko na televisheni. Alitazama Chaneli ya Nane kuanzia wimbo wa taifa mpaka matangazo ya karamu za maharage. Alitazama vikao vya halmashauri, bodi ya shule, misa ya Jumapili, mashindano ya maboga. Watu waliokuwa na miguu mizima walikuja kumuuliza mambo ya mji. "Odile, lile daraja limepita?" "Limepita, wawili kwa mmoja, na aliyekataa alikuwa na mafua."

Na kulikuwa na mapumziko. Sijui kama miji mingine ina desturi hii. Halmashauri ilipopumzika kidogo, Ludger alizima vipaza sauti lakini kamera hakuizima kamwe. Aliielekeza mezani penye kahawa na donati. Basi Kessick nzima ilitazama bila sauti: nani anaongea na nani, nani kampa nani mgongo, nani anachukua donati ya tatu akidhani haonekani. Wapo waliosema mapumziko ndiyo kipindi chenyewe, hayo mengine ni ya kusubiria.

Mwaka wa tisini na saba leseni ya kampuni ilikuwa inakwisha, na barua ikaja. Kampuni ilitaka miaka kumi mingine, lakini bila chumba na bila kamera. Chaneli ya Nane ingebaki na maandishi tu, yakipita polepole: takataka Jumanne, maktaba Jumatano. Ludger aliificha barua chini ya bakuli la sukari.

"Umeificha mahali pa kwanza ambapo kila mtu angeangalia," Odile alimwambia nilipokuwa pale nikimenya viazi. "Wataweza?"

"Wataweza wakithibitisha kuwa hakuna anayeitaka. Kutakuwa na kikao cha kuwasikiliza wakazi. Watu wakija kusema wanaitaka, halmashauri haitasaini."

"Watakuja," Odile akasema. Kisha akaikunja ile barua mara nne, ndogo kabisa, kama mtu anayetaka kuimeza.

Kikao kilikuwa Jumanne ya pili ya Juni, saa moja jioni, jua letu la Juni, linalochelewa kuzama, bado linapiga madirishani. Ukumbi wa mji una viti mia na ishirini. Ludger alifika mapema akavipanga vyote, akasimamisha kamera yake, akawasha. Mimi nilikaa mstari wa mbele. Baada yangu akaja Mama Stanhope, ambaye hakosi penye donati. Wakaja wanandoa waliodhani ni kikao cha leseni za mbwa. Ilipogonga saa tulikuwa tisa.

Mtu wa kampuni aliitwa Bwana Prentiss, kijana mwenye adabu na viatu vizuri. Sitamsingizia, hakuwa mtu mbaya. Alimsaidia Mama Stanhope kuvua koti lake. Aliposimama kusema hakupandisha sauti hata kidogo.

"Waheshimiwa, mimi sina ugomvi na Bwana Bouchette. Kazi yake naiheshimu. Lakini naomba mtazame viti. Mji wa watu elfu nne, na waliokuja kuitetea chaneli yao ni tisa." Akatazama tena. "Wanane. Yule bwana wa nyuma amelala."

Mwenyekiti wa halmashauri alikuwa Bibi Hadley, mwanamke wa kweli lakini wa kufuata karatasi. Akageuka. "Ludger, kamati inasemaje?"

Ludger alikuwa bado kashika kamera. "Wanatazama, mwenyekiti."

"Wapi?" Bwana Prentiss akauliza, kwa upole tu.

"Majumbani."

"Unajuaje?"

Ludger akaipangusa kamera vumbi lisilokuwapo. Angejuaje? Chaneli za biashara zina watu wao wa kuhesabu watazamaji. Ya Nane haikuwahi kuhesabiwa na mtu. Niliona masikio yake yanakuwa mekundu, nami nikamwazia dada yangu pale jikoni, anatazama haya yote, anasikia mumewe anavyobanwa. Maana hilo ndilo kosa letu watu wa Kessick, na hakuna aliyelifikiria kabla: kikao cha kuitetea chaneli kilikuwa kinaonyeshwa kwenye chaneli hiyo hiyo. Nani atoke nyumbani kukaa kwenye kiti cha mbao, na mambo yote anayaona kwenye sofa yake?

Nadhani Ludger alilifikiria dakika ile ile niliyolifikiria mimi, kwa sababu alinitazama, kisha akaitazama kamera.

"Mwenyekiti, naomba mapumziko ya dakika kumi na tano."

Bibi Hadley akagonga meza. Vipaza sauti vikazimwa, watu wakaenda kwenye donati. Na Ludger akatoa kifuniko cha kamera mfukoni mwa shati akakibandika kwenye lenzi. Miaka kumi na minne, hata siku mjumbe wa bodi ya shule alipozimia, sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

"Shemeji," nikamnong'oneza, "unafanya nini?"

"Napumzika. Si ni mapumziko?"

Dakika ya pili simu ya koridoni ikalia. Nikaipokea mimi.

"Dada, Ludger amekufa?" Alikuwa Odile.

"Hajafa. Anakunywa kahawa."

"Mbona giza?"

"Ameifunika kamera."

"Ameifunika? Mume wangu? Basi anaumwa huyo. Nakuja."

"Utakujaje, na nyonga hiyo?"

Alishakata. Nilipoweka tu mkono wa simu ikalia tena, halafu tena, halafu nikaacha kuipokea. Nje nikasikia breki za gari. Aliyeingia kwanza alikuwa mwanamume mwenye povu la kunyolea nusu ya uso. "Nani kazima?" Nyuma yake mwanamke na glavu za kutolea vyungu kwenye oveni, anatoa moshi wa hasira. Wakaja wengine na ndala, wengine na vijiko mikononi, kina mama watatu wa kwaya ambao hawasemezani, wote na swali moja. Viti vikajaa. Wakakaa kwenye vizingiti vya madirisha.

Halafu likaja gari la kuni la Ferris Whitcombe. Nyuma, mahali pa kupakia magogo, Odile alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha jikoni kama malkia wa maandamano, majirani wawili wamemshikilia huku na huku, koti juu ya vazi la kulalia. Wakamshusha na kiti chake.

Ferris alitangulia ndani. "Bouchette! Nilijua tu! Miaka yote ulikuwa unaningoja nizeeke ndipo unifunge mdomo!"

"Hujafungwa mdomo, Ferris. Kaa."

"Sikai! Mimi nalipia kebo!"

"Basi simama. Lakini ukitaka kusema, jaza fomu."

Ukumbi mzima ukacheka, na Ferris, nasema kweli, akaijaza.

Bwana Prentiss alikuwa anahesabu viti kwa macho, midomo inachezacheza. "Mmetoka wapi nyote?"

"Nyumbani," akasema yule wa povu. "Tulikuwa tunakutazama wewe. Umekula donati tatu kabla kikao hakijaanza."

Mapumziko yakaisha. Bibi Hadley akawasha vipaza sauti na kutega saa yake ya kuchemshia mayai, dakika tatu kwa kila msemaji, kama kawaida. Ferris alizitumia zake kusema kwamba Ludger Bouchette ni mkaidi, hajui kupanga taa, na kwamba hakuwahi kumkata neno hata moja tangu kiwanda kilipofungwa. Akakaa, na uso wa mtu aliyeibiwa kitu.

Kisha Odile akainua mkono.

"Jina langu Odile Bouchette, Mtaa wa Spindle, namba kumi na tisa. Mimi sijatoka nyumbani miaka sita, ila hospitali, na kanisani Krismasi. Lakini namjua aliyekataa daraja. Mjukuu wako, Bibi Hadley, aliimba peke yake akasahau ubeti wa pili, na nilimsaidia kuimba, hakunisikia tu. Kila mahali nilikuwapo. Mkiichukua hiyo chaneli mnanichukulia mji. Nitabaki kikongwe kwenye kiti."

Bwana Prentiss alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na la pili," Odile akaendelea, "kamera moja haitoshi. Mume wangu ni mtu mwema, lakini miaka yote hii amenionyesha visogo vya watu. Leo ndiyo naona nyuso. Mlivyozeeka! Nataka kamera mbili."

Saa ya mayai ikalia, lakini haikusikika kwa makofi.

Halmashauri ilikataa kusaini ile karatasi. Mwezi wa Septemba ikaja nyingine, miaka kumi, na chumba, na kamera mbili, na wanasema Bwana Prentiss mwenyewe ndiye aliyeiandika hiyo ya pili kwa mkono wake, kabla ya mtu yeyote kumwambia. Ludger aliiweka kwenye mfuko mpya wa mkate.

Lakini bado sijamaliza na kikao. Siku ya pili yake kanda ilirudiwa kuonyeshwa, kama kanuni inavyotaka, tukajazana jikoni kwa Odile, na Ferris pia, na sufuria ya supu ya njegere. Tukamwona Bwana Prentiss na donati zake. Tukasikia hesabu ya viti. Yakaja mapumziko, giza. Mapumziko yakaisha, sauti zikarudi, Ferris akasikika anaanza kusema. Picha, hakuna. Giza tupu.

"Ludger," Odile akasema.

"Naam."

"Kifuniko."

Ludger akagusa mfuko wa shati lake. Mtupu. Mkutano mkubwa kuliko yote katika historia ya Kessick, na alikuwa kauacha umefunikwa mpaka mwisho.

Ferris alicheka hadi akatoka nje. Alhamisi ile nusu saa yake yote ilikuwa juu ya kifuniko, na Ludger alisimama nyuma ya kamera akampiga picha vizuri kabisa. Lakini jioni ile jikoni hakuna aliyeizima televisheni. Odile alivuta kiti chake karibu na lile giza, akatusomea kila kitu kilichokuwamo.

"Hapa Ferris anakunja shati lake kwenye suruali. Hapa Mama Stanhope anaficha donati kwenye mkoba. Hapa nimeinua mkono. Na hapo, sikilizeni, hapo Ludger analia."

"Sikulia," Ludger akasema.

"Ulilia," dada yangu akamjibu, macho yake kwenye kioo cheusi. "Nilikuwapo."