Yule Aliyekaa Kwenye Kiti Changu

Sitaki ubishi na mtu. Kama umezoea kusema mambo haya yanatungwa, pita pembeni, maana hasira zangu haziko mbali. Hili limenikuta mimi, mchana kweupe, watu wamejaa, na mama mmoja kutoka Shishiyu aliyekuwepo yu hai mpaka leo. Muulize, atakuambia hivihivi.

Mdogo wangu Nkwimba alichaguliwa chuo Morogoro. Akaondoka, akasahau vyeti vyake halisi kwenye sanduku la mama, kwetu Kasoli. Chuo wakamwambia asipoleta vyeti mpaka Ijumaa, nafasi anapewa mwingine. Watu wakashauri vitumwe kwa basi, kama kifurushi. Vyeti vya Nkwimba? Mimi niliishia darasa la saba, na hiki kidogo ninachojua nimekisoma kwenye madaftari yake, akishayamaliza ananipa. Nikasema nabeba mwenyewe. Bahasha ndani ya begi jeusi, Jumatano asubuhi nikapanda treni Malampaka.

Mama alikuwa amenionya sana. Begi usiliweke juu, mkanda wake upitishe mguuni, tiketi ikae mwilini. Nikafuata yote, ila tiketi nikaitia kwenye mfuko wa begi, nikaona ni kitu kilekile. Mbele yangu alikaa huyo mama wa Shishiyu, anatafuna michembe yake, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Akanigawia. Tukaenda.

Shinyanga akaingia kijana, hana mzigo hata wa mfuko wa plastiki. Akakaa pembeni yangu, akanisalimia, "Mwangaluka." Nikaitikia. Akauliza, "Ng'wa nani?" Yaani wewe mtoto wa nani.

Sasa elewa. Kwetu salamu haiishii kwenye salamu. Unamtaja baba yako, na mwenzako anamtaja wake, hapo mnakuwa watu wa nyumbani. Nikajibu, "Ng'wa Luhende." Nilitakiwa nimgeuzie swali. Sikumgeuzia. Kwa nini? Kwa sababu alishaniuliza lingine, na mimi nikipata msikilizaji ndiyo basi tena. Nikamweleza kovu langu la kidevuni, kwamba ni ndama alinipiga teke. Nikamweleza Nkwimba, vyeti, Ijumaa, mpaka kwamba atanisubiri getini pale stesheni. Yeye anatikisa kichwa tu. Ukiniuliza sura yake ilikuwaje nitakudanganya. Siikumbuki.

Tabora treni inakaa sana, mabehewa yanaunganishwa. Saa nane, jua kali, njaa inauma. Nikautoa mkanda mguuni, nikamwambia yule kijana, ndugu yangu, niangalizie begi, naenda kununua chai na mayai. Wewe ungemkatalia mtu uliyemtajia baba yako?

Nikanunua. Nikageuka, nikainua macho kwenye dirisha letu.

Aliyekaa pale ni mimi.

Niamini. Shati si langu, lakini kichwa changu, masikio yangu, kovu langu upande uleule. Amepakata begi. Ananitazama kwa upole kabisa, kama mtu anayemwangalia mpita njia.

Mlangoni mhudumu wa behewa, dada mmoja, akaniomba tiketi. Nikamwambia iko ndani, kwenye begi. Akanisindikiza mpaka kwenye kiti. Yule akatoa tiketi taratibu, jina langu limeandikwa. Dada akamuuliza jina, akalitaja. Unatoka wapi? Kasoli. Ndani mna nini? Vyeti vya mdogo wangu Nkwimba. Sauti yangu, mpaka kule kukwama kwangu kwenye herufi ya mwisho. Dada akanigeukia mimi, akasema kwa heshima tu kwamba nishuke, pacha au si pacha, mwenye tiketi ni mmoja.

Nilikuwa nimeshakunja ngumi. Kilichonizuia ni mkono wa yule mama. Akanishika shati, akaniambia, "Kaa chini, mwanangu. Mdomo wako hauna kizibo, sasa ufunge." Akamwomba dada atusubiri kidogo. Akasema tangu Shinyanga alikuwa anatuangalia: alipopanda yule kijana hatukufanana hata kucha, ila kila nilivyozidi kuongea, alizidi kufanana na mimi. Akanyamaza kwa sababu hakuamini macho yake.

Halafu akatuuliza wote wawili, "Baba zenu nimeshasikia. Mama zenu, ng'wa nani?"

Nikamwinamia sikioni nikamtajia. Jina hilo silisemi hapa, hata wewe sikutajii, usinichukie.

Yule akaangalia begi, kisha akaniangalia mimi. Halafu akasema, "Ng'wa Luhende."

Mama akarudia swali, polepole. Akajibu vilevile, "Ng'wa Luhende." Hana kingine. Hicho ndicho nilichompa.

Yule kijana akaniwekea begi mapajani, polepole, akasimama, akaenda mlango wa pili. Dada alimfuata papo hapo. Akarudi peke yake, akasema mlango ule umefungwa kwa ufunguo na ufunguo anao yeye.

Nikafungua bahasha. Vyeti vyote vipo. Nikavitia ndani ya shati, mpaka Morogoro sikulala wala sikuongea, mama wa Shishiyu akasema huo nao ni muujiza.

Alhamisi nikashuka. Nkwimba yuko getini, ananiangalia kwa kushangaa. Akaniuliza, "Mbona umetoka tena ndani?" Kumbe, anavyosema yeye, nimeshamsalimia dakika chache nyuma. Ameniomba bahasha, nikamjibu anayo mwenzangu, yuko nyuma anakuja. Kisha nikaingia kwenye watu.

Nkwimba alisajiliwa, sasa yuko mwaka wa pili. Lakini mimi na mdogo wangu hatuko kama zamani. Nikimpigia simu, kwanza ananiuliza kitu cha utotoni. Nikifika mlangoni kwake, hafungui mpaka nijibu. Mwanzoni nilikasirika, nikapiga mlango teke. Mimi, anihoji mimi? Siku hizi nasimama tu nje, najibu, maana nimewahi kufika, akaniuliza kupitia mlango: kama huyo ni wewe, aliyeondoka sasa hivi bila kujibu alikuwa nani?

Ukisafiri na treni, funga mkanda mguuni na tiketi uiweke mwilini. Na anayekuuliza wewe ni wa nani, muulize na yeye. Akichelewa kujibu, hama kiti.